Je, ni utovu wa adabu kumuuliza daktari kama kuna njia nyingine?

Swali: Nina miaka 42 na watoto wawili. Kwa karibu mwaka mzima hedhi yangu imekuwa nzito, inakaa siku tisa hadi kumi. Nilipopigwa ultrasaundi nikaambiwa nina uvimbe kwenye kizazi, aina ya faibroidi, na daktari akasema kizazi kitolewe. Nikauliza kama kuna njia nyingine, akanijibu kwamba yeye ndiye aliyesomea. Baadaye nikaja kugundua mume wangu alikuwa ameshaelezwa mambo ambayo mimi sikuelezwa. Fomu nimeshasaini. Je, nilikosa adabu kuuliza? Na nikiamua tu kumwachia daktari aamue mwenyewe, nitakuwa nimekosea?

Jibu: Dada yangu, hukukosa adabu hata kidogo. Swali lako lilipaswa kujibiwa kabla hujafungua mdomo kuliuliza, na wa kujibiwa ni wewe mwenye kizazi. Nayasema haya nikiwa daktari wa magonjwa ya wanawake ambaye kwa miaka mingi amefanya upasuaji huo huo ulioandikiwa, na sina neno baya juu ya upasuaji wenyewe. Upo wakati ndio tiba bora kuliko zote. Ninalotaka kukueleza ni namna ya kufika hapo, au kutofika.

Kwanza la haraka. Hedhi ya siku kumi kwa mwaka mzima hukausha damu mwilini. Kabla hujaanza kulinganisha njia hii na ile, hakikisha umepimwa wingi wa damu, na kama iko chini uanze kutibiwa upungufu huo sasa. Ikitokea unalowesha pedi nzima kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, ukasikia kizunguzungu au moyo kwenda mbio, usikae nyumbani kusubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Maelezo yangu mengine yote ni ya mtu mwenye nafasi ya kukaa na kufikiri, na kwa jinsi ulivyoandika, naona nafasi hiyo unayo.

Unayo kwa sababu ya tabia ya ugonjwa wenyewe. Faibroidi ni uvimbe unaoota kwenye misuli ya kizazi. Si saratani, na ni nadra sana uvimbe uliodhaniwa kuwa faibroidi kuja kuonekana kuwa saratani. Unalishwa na homoni za kike, ndiyo maana mara nyingi husinyaa wenyewe hedhi inapokoma. Mwanamke wa miaka 42 hajui ukomo wake utakuja lini, lakini anajua kwamba uko mbele yake. Kwa hiyo hapa hatuko kwenye hali ya mtu aliyeletwa na kidole tumbo kilichopasuka, ambapo kuchelewa ni kifo na mjadala ni mfupi. Tuko kwenye ugonjwa wenye njia kadhaa za halali, kila moja ikitoa hiki na kuchukua kile. Ugonjwa wa namna hii hauwezi kuamuliwa na elimu ya daktari peke yake, hata awe bingwa wa mabingwa, maana kinachopimwa kwenye mizani ni maisha ya mgonjwa.

Ngoja nikuonyeshe ninamaanisha nini. Unaweza kusubiri huku ukifuatiliwa, kama damu haijashuka na unaweza kuvumilia. Unaweza kupewa vidonge vya kupunguza damu siku za hedhi, au kuwekewa kitanzi chenye homoni, ikiwa uvimbe haujaharibu sana umbo la ndani ya kizazi. Kuna sindano za kusinyaza uvimbe kwa muda, ambazo mara nyingi hutumika kuandaa upasuaji. Unaweza kuondolewa uvimbe peke yake na kizazi kikabaki, ukijua kwamba uvimbe mwingine unaweza kuota baadaye. Unaweza kuzibwa mishipa ya damu inayolisha uvimbe, kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa, bila kupasuliwa tumbo, pale ambapo huduma hiyo ipo. Na unaweza kutolewa kizazi chote: damu inakoma moja kwa moja, faibroidi hazirudi, lakini ni upasuaji mkubwa, unahitaji wiki kadhaa za kupona, na mlango wa ujauzito unafungwa. Si kila njia inamfaa kila mwanamke. Ukubwa wa uvimbe, idadi yake na mahali ulipokaa huondoa baadhi ya njia mezani, na kuziondoa ni kazi ya daktari. Zile zinazobaki ndizo mnazotakiwa kuziangalia pamoja.

Chukua hiyo njia ya kuziba mishipa. Huko Uholanzi wanawake 177 wenye faibroidi na hedhi nzito waligawanywa kwa kura, wengine wakazibwa mishipa, wengine wakatolewa kizazi, kisha wakafuatiliwa kwa miaka kumi. Katika waliozibwa mishipa, takribani theluthi mbili hawakuhitaji tena kutolewa kizazi. Theluthi iliyobaki walikuja kutolewa hatimaye. Sasa soma namba hiyo kwa macho ya wanawake wawili. Mmoja anasema: kumbe kati yetu watatu, wawili wanabaki na kizazi chao, nataka nijaribu. Mwingine anasema: yaani nipitie hayo yote, halafu kuna theluthi nzima ya uwezekano nirudi tena kwenye kitanda cha upasuaji? Hapana, nitoeni mara moja niendelee na maisha. Wote wawili wameielewa namba vizuri, na wote wawili wako sahihi. Daktari hawezi kujua wewe ni yupi kati yao kwa kukutazama usoni au kwa kusoma picha ya ultrasaundi. Lazima akuulize.

Hapo ndipo jibu la "mimi ndiye niliyesomea" linapopwaya. Ni kweli amesomea. Amesomea kizazi, mishipa, damu, dawa ya usingizi na madhara yake. Hajasomea kama bado una ndoto ya mtoto wa tatu hata kama hujamwambia mtu, kama kazi yako inakuruhusu kulala wiki sita, kama kukosa hedhi kwako ni ukombozi au ni msiba, kama unaogopa zaidi kisu au zaidi damu. Vitabu vya hayo unavyo wewe. Uamuzi wa pamoja, ambao siku hizi ndio unaofundishwa katika vyuo vingi vya udaktari, maana yake ni kwamba elimu hizo mbili zinakaa kwenye meza moja kabla ya jina kuandikwa kwenye orodha ya upasuaji.

Najua utetezi wa kwanza wa sisi madaktari: muda hautoshi, foleni iko nje. Foleni naijua. Lakini watafiti waliwahi kukaa na saa vyumbani mwetu. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliotoka mwaka 1984, mgonjwa aliyeanza kueleza shida yake alikatizwa na daktari baada ya sekunde 18 kwa wastani. Mwaka 2002 madaktari wa Uswisi walifanya kinyume chake: waliwaacha wagonjwa waseme mpaka wamalize wenyewe. Wengi tuliosoma matokeo hayo tulishangaa. Kwa wastani wagonjwa walimaliza ndani ya sekunde 92, na karibu wanane kati ya kumi walikuwa wamemaliza kabla ya dakika mbili. Dakika mbili! Mara nyingi ninaposema sina muda wa kusikiliza, ninachokosa ni mazoea ya kusikiliza.

Utetezi wa pili ni mzito zaidi kwa sababu unatoka kwenye huruma: nikimwambia yote ataogopa, atachagua vibaya. Kuna mama mmoja wa Uskoti, Nadine Montgomery, ambaye kisa chake kilifika Mahakama ya Juu ya Uingereza. Alikuwa na kisukari na umbo dogo. Kwa mama mwenye kisukari, uwezekano wa mabega ya mtoto kukwama wakati wa kuzaliwa kwa njia ya kawaida ulikuwa asilimia 9 hadi 10. Daktari wake alilijua hilo na hakumwambia. Alieleza kwamba akina mama wakiambiwa hivyo watataka kupasuliwa, na yeye aliona kupasuliwa si kwa faida yao. Mwaka 1999 mtoto alipokuwa anazaliwa mabega yalikwama, akakosa hewa kwa dakika 12, akapata mtindio wa ubongo. Mwaka 2015 mahakama ilimpa mama haki yake. Majaji walisema kipimo cha nini mgonjwa aambiwe si kile ambacho madaktari wengine wangemwambia. Kipimo ni kile ambacho mtu mwenye busara, akiwa mahali pa mgonjwa yule, angekiona kuwa na uzito, au kile ambacho daktari anajua kwamba mgonjwa huyu hasa angekijali. Sheria za nchi hazifanani na sitaki kukupa ushauri wa kisheria. Lakini kimaadili kipimo hicho nakikubali kwa moyo wote, na nawafundisha madaktari vijana hivyo hivyo. Yule daktari hakuwa mtu mbaya. Alificha kwa nia njema, na nia njema hiyo ndiyo iliyomnyima mama nafasi ya kuamua juu ya mwili wake na mtoto wake.

Sasa nije kwa mumeo. Kuelezwa yeye kwanza ni mazoea ya zamani sana katika kazi yetu, na hayakuwa ya nchi moja. Mwaka 1961 madaktari wa hospitali moja ya Chicago waliulizwa kama humwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Asilimia 90 walipendelea kutomwambia. Swali hilo hilo lilirudiwa mwaka 1977 kwa madaktari wengine, na asilimia 97 wakasema wanapendelea kumwambia. Upepo uligeuka kabisa katika miaka 16. Pamoja na hayo, mazungumzo ya koridoni bado yapo, na mimi mwenyewe niliwahi kuyafanya.

Nilikuwa daktari kijana. Mama mmoja alikuwa amelazwa wodini, amepimwa, ana faibroidi kama zako. Mumewe alinisubiri mlangoni, na mimi nikamweleza yeye pale pale tukiwa tumesimama, nikimwonyesha kwa ngumi yangu jinsi uvimbe ulivyo mkubwa. Kitanda cha yule mama kilikuwa kinatazamana na mlango. Asubuhi yake nilimkuta hajagusa chai, macho mekundu. Akaniambia, "Daktari, jana niliwaona mkizungumza. Ulipokunja ngumi nikajua basi." Alikuwa amekesha akipanga nani atawalea wanawe. Uvimbe wake haukuwa saratani na hakuna aliyefikiria kuwa ni saratani, ila neno "uvimbe" katika lugha yetu hubeba vyote viwili, na mimi sikuwa nimekaa kitandani pake kumtenganishia. Sijausahau uso ule. Tangu siku hiyo nikitaka kusema na ndugu, nasema mgonjwa akiwepo, au kwa ruhusa yake.

Na tangu siku hiyo huwa namalizia maelezo yangu kwa ombi moja. Nachora kizazi kwenye karatasi, kama peari iliyogeuzwa kichwa chini, naweka viduara mahali uvimbe ulipo, kisha namwambia mgonjwa: "Hebu nisaidie nione kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani dada yako akikuuliza, utamwambia nini?" Wapo wanaonijibu, baada ya dakika kumi za maelezo yangu yote, "Nitamwambia nina saratani ya kizazi." Hapo sina wa kumlaumu, narudi mwanzo na kalamu yangu. Kama daktari wako hakufanya hivyo, fanya wewe: "Daktari, ngoja niseme nilivyoelewa, unirekebishe." Sijawahi kuona daktari aliyekasirishwa na sentensi hiyo.

Kuhusu shemeji, sisemi awekwe kando. Familia ni nguvu, na mtu anayeingia upasuaji peke yake moyoni huumia mara mbili. Nenda naye, akae karibu nawe, asikie yale yale unayosikia. Lakini taarifa za mwili wako ni zako, na kama una akili timamu ridhaa ni yako. Yeye ni mshauri wako. Mwombe pia akueleze alichoambiwa, neno kwa neno. Inawezekana alinyamaza kwa kukuonea huruma, kama mimi nilivyodhani namwonea huruma yule mama.

Umeuliza kama ni kosa kumwachia daktari aamue. Si kosa. Wako wagonjwa wanaochoka, wanaoumwa, au wanaoona tu kwamba mzigo huo ni bora abebe mwenye ujuzi, na kuheshimu uamuzi wa mtu ni pamoja na kuheshimu uamuzi wake wa kutotaka kuamua. Naomba tu umwachie baada ya kumwambia yaliyo moyoni mwako. Mtu anayesema "Sitaki mtoto mwingine, ninachotaka ni damu ikome kabisa, na siogopi upasuaji, sasa nishauri" ameamua sehemu kubwa tayari. Anayesema "amua tu" bila kusema lolote anamlazimisha daktari kubahatisha, naye atabahatisha kwa kutumia mapendeleo yake mwenyewe au njia aliyoizoea mkono.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo vijana wetu wameanza kulifanya kwa kudhani ndiyo maadili mapya. Daktari anamwaga orodha ya njia sita na asilimia zake, anafunga faili, anasema, "Chagua mwenyewe, ni haki yako." Huko ni kumtupa mgonjwa njiani. Mgonjwa ana haki ya kupata ushauri, tena ushauri wenye sababu. Kwa hiyo usiogope kumuuliza: "Kwa haya niliyokwambia, wewe ungenishauri njia gani, na kwa nini?" Elewa pia mpaka wa upande wako: unaweza kukataa tiba yoyote inayopendekezwa, lakini huwezi kumlazimisha daktari akupe tiba anayoamini haitakusaidia au itakudhuru. Na ukikataa upasuaji, hapaswi kukukasirikia hadi akaacha kukutibu. Damu yako bado inahitaji kutunzwa kwa njia nyingine. Akiona hawezi kuendelea nawe, wajibu wake ni kukuelekeza kwa mwenzake. Kutafuta maoni ya daktari wa pili ni jambo la kawaida, na wengi wetu hufanya hivyo kwa ndugu zetu wenyewe.

Ukirudi kwake, anza kwa kumtoa wasiwasi: "Daktari, nakuamini, ndiyo maana nakuuliza." Kisha muulize kuna njia zipi kwa uvimbe kama wangu, ukubwa huu na mahali hapa, ikiwemo ya kusubiri. Kila njia ina faida gani na hatari gani. Na hapo omba namba za watu, siyo maneno kama "mara chache" au "mara nyingi", maana "mara chache" ya daktari na yako hazilingani. Sema: "Kati ya wanawake 100 kama mimi, wangapi?" Akikupa upande mmoja, omba na wa pili. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1982, watu waliambiwa habari za upasuaji wa saratani ya mapafu kwa namna mbili: wengine kwamba 90 kati ya 100 wanaufanya na kubaki hai, wengine kwamba 10 kati ya 100 wanakufa. Ni habari ile ile, ila waliosikia habari ya vifo waliukimbia upasuaji kwa wingi zaidi. Madaktari walioulizwa nao waliyumbishwa na maneno hayo sawa na wagonjwa.

Halafu kuna swali ambalo nakusihi usilisahau, kwa sababu nimewaona wanawake wakilijua jibu lake baada ya kuzinduka. "Kutoa kizazi" ni maneno mafupi yanayoficha mambo kadhaa. Muulize: ovari, yaani vifuko vya mayai, zitabaki au zitatolewa? Na shingo ya kizazi je? Zikitolewa ovari zote mbili ukiwa na miaka 42, unaingia ukomo wa hedhi kwa ghafla, na joto la mwili, usingizi kukatika na mifupa kudhoofika mapema. Pengine kuna sababu nzuri ya kuzitoa kwako, pengine hakuna. Lazima uielewe na uandikiwe kwenye fomu kabla ya siku ile.

Na fomu yenyewe isikufunge mikono. Ridhaa inatokana na kuridhia, na mtu haridhii asichokijua. Karatasi uliyosaini ni kumbukumbu tu ya mazungumzo, na kwa maelezo yako mazungumzo hayo bado hayajafanyika. Unaweza kuomba tarehe isogezwe mpaka myafanye. Unaweza kubadili mawazo baada ya kusaini, hata ukiwa umeshavalishwa gauni la upasuaji na kitanda kinasukumwa, mradi hujapewa dawa ya usingizi. Mwambie muuguzi aliye karibu nawe, "Naomba kuzungumza na daktari kwanza," na asukume kitanda kando ya ukuta mpaka aje.